Tulivyomshika chatu wa mjomba ili dokta ampime, na mkia ukakosa mwenyewe

Wakuu, mwangaluka. Kwa wasio wa huku, hiyo ni salamu yetu ya asubuhi. Itikieni tu.

Naleta kisa kilichotokea nyumbani kwa mjomba wangu hapa Bariadi. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, nilishika kwa mikono yangu miwili, na shati nililovaa siku ile mpaka leo halijatoka mafuta. Atakayesema hii ni chai, aje dukani kwangu karibu na stendi nimwonyeshe shati.

Mjomba Masanja ni kiongozi wa kikundi cha ngoma ya nyoka. Mliokulia Usukumani mnajua mambo yanavyokwenda. Pamba ikishauzwa, vikundi viwili vinawekwa kwenye uwanja mmoja, vinacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda upande unaowavutia. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji, hakuna rufaa.

Kwa hiyo kila kikundi lazima kiwe na kitu cha kuvuta watu. Wengine wana fisi, wengine wana wazee wa kutembea juu ya miti mirefu. Mjomba ana chatu.

Jina lake Mheshimiwa. Mjomba anasema alimpa jina hilo kwa sababu anakula mara moja, kisha haonekani mwezi mzima, na siku akitokea watu wote wanasimama.

Kabla mtu hajauliza: ndiyo, kibali cha kumfuga kipo. Naomba uzi usiishie hapo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa.

Miaka yote Mheshimiwa aliishi kwenye kijumba cha udongo nyuma ya jiko, kimeezekwa nyasi, ukuta mmoja umeegemea mafiga. Giza, joto, moshi kidogo. Halafu mjomba akajenga. Nyumba ya matofali, bati la rangi, na sakafu ya vigae vyeupe ambavyo ukiingia unavua viatu hata kama hujaambiwa.

Mjomba akaona haya. Yeye alale kwenye vigae, Mheshimiwa alale kwenye udongo? Watu watasemaje?

Akampa chumba cha wageni. Watoto wakaendelea kubanana chumba kimoja kama zamani.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao asubuhi hata sisi wa Simiyu tunavaa makoti. Haikuchukua muda, Mheshimiwa akaanza kupiga mluzi akipumua. Mdomo ukawa haufungi vizuri. Puani mapovu. Akawekewa kuku, hakumgusa. Kuku yule alikaa naye chumbani hadi akamzoea, akataga pembeni yake.

Mjomba alihangaika na dawa zake. Na dawa anazo, tusimwonee. Ana dawa ya mtu aliyeumwa na nyoka, ana ya kumwita nyoka atoke shimoni, ana na ya kumfanya nyoka wa kikundi pinzani asinzie katikati ya uwanja. Ya nyoka mwenye mafua hana.

Nilipitia kwake asubuhi moja nikamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha wageni, kofia mkononi, kama ndugu aliye nje ya wodi. Alimlea yule chatu tangu hajazidi urefu wa mkanda wa suruali.

"Mpwa wangu," akaniambia, "huyu akifa, mimi na ngoma basi."

Nikajua ni sirias. Huyu ni mtu ambaye alicheza ngoma hadi siku ya harusi ya binti yake, akachelewa kumtoa.

Nikampigia Dokta Neema.

Dokta Neema ni daktari wa mifugo, namfahamu kwa sababu anakuja kutoa kopi dukani. Nikamweleza. Akacheka.

"Kila siku mimi ni ng'ombe na mbuzi," akasema. "Nyoka nilimshika chuoni, tena mdogo. Ila kanuni nazijua, na nina mwenzangu anafanya kazi na nyoka, nitaongea naye kwanza."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Wakuu, ni mara ngapi umekwenda kwa mtaalamu akakuambia mpaka wa anachokijua?

Akanipa maagizo nimfikishie mjomba. Asilishwe, maana akishikwa ameshiba atatapika. Awekwe mahali patulivu, pasiwe na kelele wala mitetemo. Watafutwe watu wazima watulivu, mmoja kwa kila mita ya nyoka. Na asisumbuliwe kabla hajafika.

Nilimsomea mjomba neno kwa neno. Akaitikia kila moja. "Eeh. Eeh. Sawa."

Siku ya kupimwa nilifika na simu yangu imejaa chaji, maana mjomba alitaka video. Nikakuta kikundi kizima uani. Wamevaa sare. Manyoya kichwani, njuga miguuni, ngoma mbili zimeegemezwa ukutani "kwa tahadhari tu". Nje ya uzio wa minyaa watu wameshaanza kujaa, kwa sababu ukiwaona wacheza ngoma wa nyoka wamevaa njuga, unajua kuna shoo.

Na Mheshimiwa alikuwa anang'aa.

Walikuwa wamemwogesha. Halafu wakampaka mafuta ya pamba, kichwa hadi mkia, kama wanavyompaka kabla ya kila onyesho ili madoa yake yaonekane vizuri juani. Walimpaka kwa upendo, nataka hilo lieleweke.

Dokta Neema akashuka kwenye pikipiki, akamtazama.

"Kwa nini anang'aa hivi?"

"Tumemtayarisha, mayu," mjomba akajibu. Mayu ni mama, kwa heshima. "Mgonjwa hapelekwi kwa dokta hajapakwa mafuta."

Dokta akavua kofia ya pikipiki. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo angepaswa kupanda pikipiki yake akarudi kesho.

Tukaanza.

Mjomba ndiye wa kichwa. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa kichwa cha Mheshimiwa, hiyo ni sheria ya kikundi. Akamshika kama anavyomshika uwanjani: ngumi nzima shingoni, akamnyanyua juu, kifua mbele.

"Sivyo, mzee," dokta akasema. "Hapo unamkaba, na yeye tayari anapumua kwa shida."

"Mayu, huyu nimemshika kabla wewe hujaanza shule."

"Sawa baba. Ila kwenye ngoma unamshika ili watu waone. Leo unamshika ili mimi nione."

Akamwonyesha. Kidole gumba upande mmoja nyuma ya taya, kidole cha kati upande wa pili, cha shahada juu ya kichwa. Usibane, zuia tu. Mkono mwingine upokee uzito wa mwili, maana nyoka akihisi ananing'inia anatafuta kitu cha kujizungushia. Wengine wote wambebe amenyooka, kama mnavyobeba bomba la maji.

Na asiachwe ajizungushe kwa mtu yeyote. Alirudia hilo.

Hapo ndipo penye kasoro, wakuu. Kazi yote ya mjomba, sifa yake yote, ni kuachia chatu ajizungushe mwilini mwake huku yeye anakata kiuno. Ukimwambia asifanye hivyo ni sawa na kumwambia mwalimu wa kwaya ashike kitabu asipunge mkono.

Tukambeba. Mjomba kichwani. Nyuma yake Luhende, halafu Shija, na wengine wawili watatu wanaogombea kuwa karibu na kichwa. Mimi niko pembeni na simu.

Sekunde chache tu, mafuta yakafanya kazi yake. Mheshimiwa akateleza mikononi mwao kama sabuni kwenye beseni. Akatoa mlio ule wa hasira, fssss.

Sasa Shija ana kazi moja kwenye kikundi. Nyoka akilia, yeye anapiga ukelele na kukanyaga ardhi kwa nguvu, na kikundi kizima kinamfuata. Amefanya hivyo miaka mingi. Haufikirii tena mguu wake.

Nyoka akalia. Shija akapiga ukelele, akakanyaga. Kikundi kizima kikafuata. Njuga zote. Ardhi ikatetemeka.

Dokta alikuwa ameshatueleza kwamba nyoka hasikii nyimbo zetu kama tunavyodhani, ila mtetemo wa ardhi anaupata mwilini wote. Mheshimiwa, mgonjwa, mwenye mafua, akahisi dunia inabomoka. Akamkimbilia mtu anayemjua.

Akajizungusha kwa mjomba. Mkono wa kulia, kwapani, kifuani, bega.

Nje ya uzio makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele.

"Niacheni," mjomba akasema, "ananijua."

Na kiuno kikaanza kwenda. Naapa. Mtu anabanwa kifua na kiuno chake kinacheza, kwa mazoea tu. Watu wakazidi kushangilia. Nikawa narekodi, nikiwaza kwamba hii video itafika mbali.

Kisha nikaona midomo yake imebadilika rangi, na ile "ananijua" ya pili ikatoka nyembamba, haina hewa nyuma yake.

"Huyo hachezi!" dokta akapiga kelele. "Anabanwa! Mfungueni kuanzia mkiani! Msivute kichwa!"

Wote wakakimbilia kichwani.

Nimelifikiria sana jambo hili baadaye. Hawakuwa wajinga wala waoga. Ni kwamba katika ngoma ile kichwa kina mwenyewe, kiuno kina mwenyewe, ukelele una mwenyewe. Mkia hauna mtu. Hakuna aliyewahi kupigiwa makofi kwa kushika mkia. Kwa hiyo saa ya hatari kila mmoja akaenda anapopajua, na mkia ukabaki unapigapiga chini peke yake karibu na geti.

Na getini alikuwa amesimama Mama Ester.

Mama Ester ni jirani. Mzaliwa wa Binza kule Maswa, akaolewa huku, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Kwa miaka mingi yeye na mjomba hawasalimiani. Anasema Mheshimiwa ni shetani, na kwamba shetani huyo amekula kuku wake wengi. Mjomba anasema aliyewala ni kicheche, yule mnyama mdogo mwizi wa kuku. Kesi hiyo imepita kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mchungaji, haijapata hukumu.

Siku hiyo alikuja kulalamikia kelele, kama kawaida yake.

Alitazama watu wote wamejaa kichwani. Akatazama mkia. Akavua kanga ya begani, akaufunga mkia kwa ile kanga kavu, akashika kwa mikono miwili.

"Kwa jina la Yesu, toka!"

Mpaka leo hatujui alikuwa anamwambia nani.

Akaanza kumzungusha kurudi alikotoka. Pole pole, zunguko moja, akapumzika, zunguko la pili, kama mtu anayekusanya kamba ya ndoo kisimani. Kanga iliyanyonya mafuta, mkono haukuteleza. Dokta akapokea katikati. Mimi nikatupa simu nikapokea kilichofuata, ndipo shati langu lilipopata historia yake.

Zunguko la kifuani lilipoachia, mjomba alivuta pumzi iliyosikika hadi kwa watu wa nje. Wakapiga makofi tena. Walidhani ndiyo mwisho wa igizo.

Hakuna aliyewasahihisha.

Dokta Neema sasa akawa mtu mwingine. Akawatoa wacheza ngoma wote isipokuwa Luhende na Shija, na Shija akaambiwa avue njuga na asimame mguu mmoja ikibidi. Watu wa uzioni wakafukuzwa. Mheshimiwa akafutwa kwa kanga na matambara hadi akakauka. Kichwani akafunikwa kitambaa chepesi macho yasione, akatulia kuliko nilivyotarajia.

Tukapanga upya. Mjomba kichwani, vidole vitatu kama alivyofundishwa. Luhende, Shija, mimi. Mkiani Mama Ester, ambaye aliambiwa sasa anaweza kuachia na akakataa.

"Nikiachia mtaharibu tena," akasema.

"Mama Ester, shika vizuri basi," mjomba akasema. Nadhani ndiyo sentensi ya kwanza kumwambia tangu kesi ya kwa balozi.

"Nimeshika vizuri kuliko ulivyoshika wewe shingo."

Mjomba akarekebisha vidole vyake. Pumzi za kubishana hakuwa nazo.

Dokta akafanya kazi yake kwa utulivu. Akatazama macho, akapitisha mkono kwenye magamba kutafuta kupe, akawatoa wawili. Akafungua mdomo kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa, taratibu, asivunje meno, na tukaona ule ute mzito kooni. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia ubavuni, akafumba macho.

"Mapafu," akasema. "Lakini hajachelewa sana."

Mjomba akainamisha kichwa. Nilimwona.

Dawa ya sindano hutolewa kwa uzito, kwa hiyo tulilazimika kumpima. Huku kwetu mzani mkubwa ni mmoja tu, wa pamba. Tukaazima, tukautundika, tukamtia Mheshimiwa kwenye gunia la pamba, tukamning'iniza.

Sasa wakuu, uwanjani mjomba hutangaza kwamba Mheshimiwa ana kilo themanini. Ameshatangaza hivyo hadi Kalemela, na watu wakashika vichwa.

Mshale ulisimama kabla ya thelathini.

Mjomba akasogea karibu na mshale.

"Mzani huu unaiba," mjomba akasema.

Ni maneno ambayo kila mkulima wa Bariadi huyasema kila msimu. Ila sikuwahi kuyasikia yakisemwa kwa uchungu kama ule.

"Mzee," dokta akasema, "nikimchoma dawa ya kilo themanini tutamzika leo. Nichague mzani au nichague tangazo?"

"Mzani," mjomba akajibu, sauti ya chini.

Mheshimiwa akachomwa sehemu ya mbele ya mwili. Na hapa naripoti nilichokiona, sina nia mbaya: mtu ambaye huweka kichwa cha chatu mdomoni mwake mbele ya umati aligeuza uso asione sindano.

Kisha dokta akaomba kuona anapolala. Mjomba, kwa fahari iliyobaki, akampeleka chumba cha wageni. Dokta akavua viatu, akasimama pekupeku kwenye vigae, akasubiri kidogo.

"Baba, na wewe vua, simama hapa."

Mjomba akavua. Akasimama. Akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Baridi," akasema.

"Wewe una miguu ya kusimamia. Yeye analalia tumbo."

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Jioni ile Mheshimiwa alirudishwa kwenye kijumba cha udongo karibu na mafiga. Watoto wawili wakahamia chumba cha wageni, na kwa kadiri ninavyofahamu hao ndio pekee waliofaidika moja kwa moja na mafua yale.

Sindano zilikuwa za kurudiwa. Kila dokta akija, anahitajika mtu wa mkia. Mjomba aliwaambia vijana wajifunze, kila mmoja akawa na dharura. Basi Mama Ester akawa anakuja mwenyewe akitoka mazoezi ya kwaya, kanga kavu begani. Akiulizwa, anasema anakuja kuhakikisha shetani kweli anachomwa sindano.

Mashindano ya Malampaka yakafika Mheshimiwa bado anaumwa. Dokta alikataa. Mjomba akaenda bila chatu. Kikundi pinzani wakamwimbia papo hapo, wanauliza Mheshimiwa yuko vikaoni au amelazwa, na watu wakahamia upande wao, upande wetu wakabaki wenye undugu tu. Tulishindwa vibaya. Mjomba alicheza hadi mwisho, akaturudisha nyumbani, na kitu cha kwanza akaenda kijumbani kusikiliza kama ule mluzi bado upo.

Ulikuwa umepungua.

Baada ya muda ukaisha kabisa. Ila alikuwa bado hali, na dokta alisema mpaka ale ndipo tutasema amepona. Mjomba akawa analeta kuku, anakaa nje, anarudi kumtoa. Kuku mzima. Anamletea mwingine. Uso wake ulianza kurudi kuwa ule wa mlangoni mwa wodi.

Siku moja nikiwa pale, Mama Ester akaingia na kuku wake mwekundu, mnono, amemshika mabawa. Hakusalimia. Akafungua kijumba, akamwingiza, akafunga.

Tukasubiri. Mjomba, mimi, na yeye amekunja mikono.

Kikasikika kishindo kimoja. Basi, kimya.

Mjomba akachungulia. Alipogeuka macho yake yalikuwa na maji, akasema "wabeja, mayu, wabeja sana." Ahsante, mama.

Mama Ester akajifunga kanga yake.

"Huyo nimempa mimi," akasema. "Wale wa nyuma aliiba."

Akaondoka.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Unaweza kuishi na kiumbe miaka yote, ukamvaa mwilini, ukajisifia kwake, na bado usijue namna ya kumshika siku anayoumwa. Kumshika kwa kuonyesha na kumshika kwa kumsaidia ni mikono miwili tofauti. Kama unafuga chatu: usimlishe kabla ya kupimwa, usimpake kitu, usimkabe shingo, mbebe amenyooka, akikubana anzeni mkiani, na msimwachie mtu mmoja kazi hiyo hata kama anasema nyoka anamjua.

Na kabla hujaanza, uliza: nani yuko mkiani?

Mazoezi ya kikundi yameanza tena. Mjomba ametangaza nafasi mpya ya mshika mkia, na Shija alipojitolea akaambiwa asubiri, ile ina mwenyewe. Mwenyewe anasema hawezi kucheza ngoma ya shetani. Ila kanga kavu ameiacha imeanikwa kwenye uzio, upande wetu.

Haya, uwanja ni wenu. Wafugaji wa nyoka, wenye kuku, wenye nyumba za vigae, semeni. Na aliye na ushauri wa kutoa mafuta ya pamba kwenye shati jeupe, aanze yeye.